Unga Mweupe kwenye Besi la Mwalimu

Mlionisoma wiki jana mliniacha nimeketi kwenye ngazi za nyuma za ukumbi wa harusi, gitaa limelala magotini mwangu, shingo yake imepinda kama ndizi.

Kwa ambaye hakuwepo: mimi ni mpiga besi. Wananiita Sikio. Besi langu la mbao lilinigeuka katikati ya wimbo wa kumwingiza bibi harusi, likatoa sauti za ajabu, hata bwana harusi akasimama akaangalia viatu vyake. Kiongozi wa bendi yetu, tunayemwita Jenerali, alinifukuza mbele ya wapishi. Akasema nisirudi mpaka niwe na chombo kinachoeleweka.

Nilidhani ile ndiyo aibu. Kumbe nilikuwa bado mlangoni.

Ya wiki jana yalinipata tu. Haya ya leo niliyafanya mwenyewe, kwa akili zangu timamu, mchana kweupe, kwa ulimi huu huu ninaosali nao.

Yalianzia kwa daktari wa meno.

Daktari huyu anapenda muziki kuliko meno. Besi lake analitundika nyuma ya mlango wa chumba cha matibabu, pamoja na makoti meupe. Alinipigia simu, nikaenda, akanikalisha kwenye kile kiti cha wagonjwa kwa sababu hakuna kingine.

"Sikio, nasikia lile besi la Mwalimu linauzwa."

"La kaboni?"

"Lile lile jeusi."

Besi lile halikuchongwa kwenye mti. Limetengenezwa kwa kaboni, kitambaa cheusi kinachokandikwa gundi maalumu, kikikauka kinakuwa kigumu kuliko chuma na chepesi kuliko ubao. Mvua hailipindi, jua halilipindi. Mjini kwetu lilikuwa moja tu.

"Mimi macho yangu yanajua meno," Daktari akasema. "Nenda ukanikagulie. Kama ni halisi, na bei ni ya kibinadamu, nalichukua. Halafu hili langu la zamani unabaki nalo wewe."

Nikaligeukia lile la mlangoni. La mbao, lakini zito, limenyooka, vyuma vyake vinang'aa. Hicho ndicho chombo kinachoeleweka.

"Na bei ikiwa si ya kibinadamu?"

"Basi nabaki na langu," akasema, akacheka.

Mimi sikucheka.

Nyumbani mama watoto alikuwa anakunja nguo. Tangu nifukuzwe, tulikuwa tunaongea kama watu wanaopishana kwenye korido ya hospitali.

"Umepata kazi?"

"Nimepata kukagua gitaa."

"Kukagua kunaliwa?"

"Nikikagua vizuri, narudi kwenye bendi."

Akakunja shati, akalilaza juu ya mengine. "Basi kakague vizuri."

Na mimi nikaenda kukagua vizuri.

Sasa niwaambie Mwalimu ni nani, ili mjue uzito wa mzigo. Mwalimu ndiye aliyenishika vidole nikiwa sijui kushika hata ufagio. Hakunidai kitu. Alinifundisha kupiga, na alinifundisha kukagua. Alikuwa akisema gitaa ni kama mchumba, kila mtu anaangalia sura, mwenye akili anaangalia viungo. Funguo za kukazia nyuzi, daraja linaloshika nyuzi chini, skrubu. "Mwili unaweza kuwa wa dhahabu," alikuwa akisema, "lakini viungo vikilegea umenunua pambo la ukutani."

Mwanzoni mwa mwaka kiharusi kilimpiga. Mkono wa kulia ukafa, mguu wa kulia ukafa, na maneno yote yakamtoka kichwani isipokuwa moja. Amebakiwa na neno "ndiyo". Ukimuuliza ana njaa, ndiyo. Ukimuuliza ameshiba, ndiyo. Akiwa na hasira, ndiyo. Akili yake nzima, masikio yake mazima, lakini mlango wa kutokea maneno umefungwa, na ufunguo umetupwa.

Anamtunza binti yake, ambaye anafanya kazi kiwanda cha mikate. Nilipobisha hodi alinifungulia bado ana unga kwenye nywele.

"Shikamoo, ba'mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa?"

"Leo amefurahi! Nilipomwambia unakuja wewe akashika ndevu zake, ndiyo, ndiyo, mpaka nikaelewa. Anataka kunyolewa. Nimemnyoa."

Mlango wa chumbani ulikuwa wazi kidogo, pazia tu linazuia. Nikapaza sauti, "Mwalimu!" Kutoka ndani likaja jibu, refu, la furaha. "Ndiyoooo!"

Binti akaleta sanduku la gitaa, akalilaza juu ya meza ya chakula, akalifungua.

"Ba'mdogo, nikuambie ukweli. Kuna duka mjini walisema niwapelekee, watanipa bei. Nikakataa. Mtu baki atanidanganya. Nikasema nitamsubiri ba'mdogo."

Ningekuwa na haya, ningeaga pale pale.

Nikalitoa besi. Jepesi, kama kumbeba mtoto aliyelala. Nikalisogeza dirishani, nikaligeuza kwenye mwanga. Kaboni ya uongo ni karatasi iliyochapishwa na kubandikwa, ukiigeuza haibadiliki. Hii ilibadilika. Ule msuko wake mweusi uliingia ndani na kutoka, kama maji ya kina. Nikaangalia shingo kwa jicho moja, kutoka juu hadi chini. Imenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Nikagonga uzi mnene. Tangu Mwalimu augue hakuna aliyeligusa, na bado lilikuwa kwenye sauti yake. Ile noti ikatoka, ikakaa, ikakaa, ikagoma kufa. Kutoka nyuma ya pazia nikasikia Mwalimu anashusha pumzi.

Nikaja kwenye viungo.

Funguo zilikuwa na mchezo. Unazungusha kidogo, hakuna kinachotokea, unazungusha tena ndipo uzi unaitika. Zimechakaa, kazi ya kubadilisha tu, jambo la mchana mmoja. Halafu daraja. Lilikuwa la aluminiamu, na kandokando yake, pale linapokutana na ule mwili mweusi, palikuwa na unga mweupe kama chumvi.

Nataka mnielewe vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipozama.

Aluminiamu ikikaa juu ya kaboni halisi, na jasho la mikono likaingia katikati, ile aluminiamu inaota unga mweupe. Kinacholika ni kile chuma cha juu. Kaboni yenyewe haipati hata mkwaruzo. Unatoa daraja, unafuta, unaweka la chuma kisichoshika kutu, basi. Mbao haitoi unga ule. Plastiki haitoi. Kwa anayejua, ule unga ni cheti cha kuzaliwa, unasema gitaa hili ni halisi.

Mimi najua. Mwalimu ndiye aliyeniambia, kwenye chumba kile kile, kidole chake juu ya daraja lile lile.

Binti akainama. "Huu unga ni wa nini, ba'mdogo? Linaoza?"

Neno "kuoza" alilitoa yeye. Mimi sikulitafuta. Lilikuja lenyewe likakaa mezani, na nilichotakiwa kusema ni hapana.

Nikavuta pumzi. Nikaishusha taratibu, kama daktari mwenye habari mbaya.

Uongo wangu wa kwanza ulikuwa ile pumzi. Haukuwa na neno hata moja.

"Mungu wangu," binti akasema. "Linaoza."

"Vyuma vimekwisha," nikasema. Hilo lilikuwa kweli. "Funguo hizi, sikia zinavyocheza." Kweli. "Na huu unga," nikapitisha kidole, nikamwonyesha, "ukishatokeza nje, ndani huwezi kujua."

Hapo chumbani kikasikika kishindo. Ko! Chuma kwa chuma.

"Anagonga kitanda na kikombe," binti akasema. "Anataka maji."

Ko! Ko! Ko!

Masikio ya Mwalimu yalikuwa mazima, nimeshawaambia. Pazia si ukuta. Alikuwa amesikia kila neno, na alijua ule unga ni nini kuliko mtu yeyote mjini.

"Mpelekee maji," nikasema.

Nilimtuma mtoto wa watu apeleke maji kwa mtu aliyekuwa anapiga kelele ya kuibiwa.

Aliporudi mikono yake ilikuwa imelowa. "Ameyasukuma. Sijui leo ana nini." Akakaa. "Haliwezi kuzibwa, ba'mdogo? Kukarabatiwa?"

"Mbao unaunga, mwanangu. Hii haiungiki. Siku ikipasuka, imepasuka."

Kwa macho makavu. Nilisikia sauti yangu ikiwa tulivu, ya mtu mzima anayeheshimika, na nikaishangaa kama ya mtu mwingine.

"Sasa nitaje bei gani?"

Nikamtajia. Ilikuwa bei ya gitaa la mwanafunzi. Akapangusa meza ambayo haikuwa na kitu. Halafu akasema, "Si haba. Nilitaka nimlipie mtaalamu wa usemi. Angalau ataanza."

"Yupo mteja," nikasema. "Mwungwana. Hatakusumbua."

"Ngoja tumuulize baba mwenyewe. Ni lake."

Nikamfuata.

Mwalimu alikuwa ameegemezwa kwenye mito, ndevu zimenyolewa, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Shuka limelowa maji. Macho yake hayakwenda kwa binti. Yalikuja kwangu moja kwa moja, yakakaa.

"Baba," binti akasema kwa upole, "ba'mdogo amelikagua. Anasema linaoza. Tuliuze kabla halijafa kabisa?"

"Ndiyo," akasema Mwalimu. Na huku anatikisa kichwa kukataa. "Ndiyo! Ndiyo! Ndiyo!" Kichwa kinakwenda kulia na kushoto juu ya mto, machozi yanamtiririka, na mdomo unatoa lile neno moja tu alilobakishiwa.

Binti akanigeukia. "Neno linakubali, kichwa kinakataa. Nifuate lipi?"

Wasomaji wangu, mlango ulikuwa wazi bado. Ningeweza kusema, mwanangu, fuata kichwa. Ningeweza kusema, nimekosea, hebu nilitazame tena.

"Kwa ugonjwa huu," nikasema, "fuata neno."

Mwalimu akaacha kutikisa kichwa. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, ule mzima, akanishika hapa chini ya kiwiko. Vidole vyake vikanikandamiza kimoja kimoja kwenye mfupa, kwa mpangilio, kama mtu anayepiga besi. Ulikuwa mpangilio wa somo la kwanza alilowahi kunipa. Sijui alikuwa ananiaga au ananiuliza.

Nikautoa mkono wangu taratibu. Nikasema pole, Mwalimu.

Mlangoni binti alitaka kunipa kitu kidogo, hela ya soda. Nikakataa, mkono kifuani. "Kwa mgonjwa wetu? Hapana, mwanangu." Akatokwa na machozi, akaniambia watu kama mimi wamekwisha duniani.

Niliondoka nimevishwa kilemba ambacho sijui hata nilikivaaje.

Daktari alinunua siku ya pili. Nikalifungua lile daraja mbele yake, nikafuta unga kwa kitambaa, na chini yake kaboni ikatokea nyeusi, safi, inameta, haina hata doa. Daktari akapiga mluzi.

"Hii ni halisi, Sikio?"

"Halisi. Weka funguo mpya na daraja la chuma kizuri, utazikwa nalo."

"Sasa mbona rahisi hivi? Mimi nilikuwa nimejiandaa kutoa mara tatu ya hapo. Yule binti hajui thamani yake?"

Nikakunja kile kitambaa chenye unga, nikakitia mfukoni.

"Ndivyo alivyotaja mwenyewe," nikasema.

"Isiwe tunamwonea. Mgonjwa yule. Nimwongezee?"

Mnaona Mungu alivyo na subira? Mlango wa pili huo, umefunguliwa na mtu aliyeshika funguo mwenyewe. Lakini akiongezewa, atauliza kwa nini. Akiuliza kwa nini, ataambiwa ni zima. Na akiambiwa ni zima, atanikumbuka mimi na pumzi yangu.

"Ana kiburi cha baba yake," nikasema. "Ukimwongezea ataona unampa sadaka. Utamvunjia heshima."

Daktari akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akalitoa lile besi lake nyuma ya mlango, akanikabidhi.

"Chukua. Unajua, hili ningekupa tu hata kama biashara ingeshindikana. Nilisikia yaliyokupata harusini, nikaona vibaya. Ile ya kununua kwanza nilikuwa nakutania."

Nikamshukuru. Nikatoka nje, nikasimama kwenye ukuta wa kliniki nimelikumbatia gitaa kama mtu anayeshikilia nguzo melini. Nilikuwa nimemuuza Mwalimu wangu ili nipate kitu ambacho tayari kilikuwa changu.

Jenerali alinipokea. Alilishika besi, akazungusha funguo, akasema sasa naona mwanamume. Mama watoto akanipigia pasi shati la jukwaani, na kwa mara ya kwanza tangu nifukuzwe akacheka mezani. Watoto wakacheka kwa sababu mama yao amecheka. Nilikaa katikati ya furaha ile nikitafuna kama nakula mchanga.

Mtu mwingine angesema yamepita. Na mimi nilianza kusema hivyo. Mwalimu hana maneno. Binti hana shaka. Daktari hana habari. Nani atanisema?

Ndipo binti akapiga simu.

Alikuwa analia, na nilijua kabisa kwamba Mwalimu amekufa. Nitasema na hili, maana nimeshavua nguo zote. Kwa nukta moja nilipata nafuu.

"Ba'mdogo! Baba anaimba!"

"Anafanya nini?"

"Anaimba! Yule mtaalamu wa usemi, tuliyemlipa kwa hela ya besi, amekuja na kitu cha ajabu. Anasema kwenye kichwa cha mtu, maneno ya kusema na maneno ya kuimba hayakai chumba kimoja. Kile kimoja kimebomoka, kingine kizima! Akisema ni ndiyo, ndiyo tu. Lakini ukimwanzishia wimbo, maneno yanatoka! Jana ameimba jina langu. Jina langu, ba'mdogo!"

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Hela ile ndogo, niliyoipunguza kwa ulimi wangu, ndiyo ilikuwa inakwenda kufungua mdomo utakaonitaja.

"Alhamdu… ashukuriwe Mungu," nikasema.

"Sasa anakutaka wewe. Anaimba Sikio, Sikio, kuanzia asubuhi. Mtaalamu anasema ana jambo linamkwama, refu, linataka mdundo wa kulibeba. Akapendekeza aje mtu anayeelewana naye ampigie besi. Nikasema huyo yupo! Utakuja leo?"

"Leo nina mafua, mwanangu. Nisije nikamwambukiza."

Mama watoto alikuwa mlangoni. "Mafua ya lini? Mgonjwa anakuita unakaa hapa kuota kama uyoga? Simama uende! Mtu aliyekufundisha kazi inayotulisha!"

Alinibebea gitaa mwenyewe hadi barabarani.

Nyumba ilinukia mkate. Binti amepanga viti, amefungua madirisha, amevaa nguo ya kutokea kama siku ya sherehe. Alipoliona besi begani kwangu akafurahi. "Umepata jipya, ba'mdogo? Zuri!"

"La kuazima," nikasema. Ulimi ukishazoea hauhitaji kutumwa.

Mwalimu alikuwa amekaa safari hii, kwenye kiti karibu na kitanda, blanketi magotini. Amekonda lakini macho yamewaka. Nikamwamkia. Alinyoosha ule mkono wa kushoto kuelekea besi, nikalisogeza.

Akashika ufunguo mmoja. Akauzungusha kidogo mbele, kidogo nyuma, akisikilizia kama una mchezo. Hauna. Akaupitisha mkono kwenye daraja, zito, safi. Akagusa kona ya chini ambapo rangi imechubuka, na hapo kidole chake kikasimama.

Mjini kwetu wapiga besi si wengi. Gitaa la kila mtu linajulikana kama gari lake. Alijua lile ni la nani, na alijua sasa nililipwa nini.

Akaniangalia. Sikuweza kuyahimili yale macho, nikajifanya nakaza uzi.

"Mwanzishie, ba'mdogo," binti akasema, amekunja mikono kifuani, hajui afurahi au alie. "Wimbo wowote. Wa polepole."

Niliwaza kupiga vibaya. Nawaambia kweli, niliwaza kupiga bila mdundo, kuukata kila mara, ili maneno yake yasipate pa kukanyaga. Hakuna ambaye angejua. Mtaalamu hakuwepo, na binti angesema baba leo amechoka.

Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya goti langu, na ulianza kugonga. Taratibu. Moja, mbili. Moja, mbili. Mkono ule umenipigia mdundo tangu nikiwa sina ndevu, na vidole vyangu havikuniuliza. Vikaufuata.

Nikapiga. Besi likajaa chumba kizima, vikombe vikatetemeka kabatini. Mwalimu akafumba macho. Mdomo ukafunguka, ukafunga, ukafunguka. Koo likapanda na kushuka.

Binti akapiga magoti mbele yake. "Sema, baba. Imba. Tunakusikiliza."

Sauti ikatoka, ya kukwaruza, juu ya noti zangu, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe.

"Ma-ma… tu-pi-she."

Binti akabaki mdomo wazi.

"Tu-pi-she… mi-mi… na Si-kio."

"Amesema!" Binti akaruka, akanikumbatia kichwa, akamkumbatia baba yake, anacheka machozi yanamwagika. "Amesema sentensi nzima! Nawapisha, baba, nawapisha! Ongeeni wanaume!" Akatoka mbio, akaufunga mlango nyuma yake, na nikamsikia kule nje anampigia mtu simu kumpa habari.

Tukabaki wawili. Nilikuwa bado napiga, maana niliogopa kuacha na niliogopa kuendelea.

Mwalimu akafumbua macho. Hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Akanishika shati kwa mkono wake mzima, akanivuta hadi shavu langu likagusa kidevu chake, na akaanza kuimba, taratibu, kwa sauti ya chini kabisa, ili binti yake asisikie. Aliyoniimbia mtayasoma wiki ijayo.